Mwanao anataka kulipwa kwa kucheza gemu? Uliza kwanza gemu ni la nani

"Mama, kuna watu wanalipwa kwa kucheza gemu."

Wazazi wa Shinyanga, Kahama, Katoro na Nyarugusu wenye mtoto wa sekondari na simu janja ndani ya nyumba wanaijua kauli hiyo. Mara nyingi huja jioni, mzazi akiwa ametoka gulioni au duarani, amechoka, hana nguvu ya kubishana. Jibu la haraka huwa "weka simu, shika daftari." Yapo maswali mawili ambayo yangemsaidia mtoto zaidi ya jibu hilo. Wanalipwa na nani? Na gemu lenyewe ni la nani?

Chukua kijana wa mfano, miaka 16, kidato cha tatu, anaishi Katoro. Mama yake anauza mitumba. Baba yuko Nyarugusu kwenye maduara, anarudi mwisho wa mwezi, na miezi mingine harudi. Kijana anacheza gemu la mpira kwenye simu, anarekodi kioo, kisha anaweka sauti yake juu akitangaza mechi kama watangazaji wa redioni, Kiswahili kikiwa na vionjo vya Kisukuma. Watu wanacheka na kuwatumia wenzao. Baada ya miezi minane ana wafuatiliaji 900 kwenye chaneli yake ya YouTube na amebakiza 100 tu kufikia idadi inayotakiwa kabla ya kuanza kuomba mgawo wa matangazo.

Asubuhi moja anafungua simu na kukuta video sita, zile zilizotazamwa zaidi, zimewekewa taarifa kwamba kuna mtu mwingine mwenye haki ndani yake na fedha yoyote ya matangazo itakwenda kwake. Video ya saba haipo kabisa. Imeondolewa.

Siku hiyo hali. Ya pili anakula kidogo. Mama hajui amwonee huruma au amcheke.

"Si ulisema unacheza tu? Sasa umeibiwa nini?"

"Mama, ile kazi nimeifanya mimi. Sauti ni yangu."

"Na gemu je?"

Hapo kijana hana jibu, na wazazi wengi nao hawana.

Kuchimba kwenye leseni ya mtu

Kwa bahati, watu wa ukanda huu wanaweza kulielewa jambo hili haraka kuliko watu wa maeneo mengine, kwa sababu wanaishi nalo ardhini. Leseni ndogo ya uchimbaji, ile ambayo wachimbaji huiita PML, hutolewa kwa Watanzania kwa miaka 7 chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 2010. Lakini wengi wanaoshuka duarani hawana leseni. Wanachimba ndani ya leseni ya mtu mwingine kwa makubaliano. Jasho ni lao, kamba ni zao, hatari ni yao, na mawe yakitoka mwenye leseni anachukua fungu lake la viroba. Hakuna anayeshangaa. Kinachouma ni pale makubaliano yalipokuwa ya mdomo, mwamba ukaanza kutoa, na mwenye leseni akabadilisha maneno.

Wazee wa Kakola hawahitaji kuelezwa zaidi. Agosti 1996 wachimbaji wadogo wa Bulyanhulu waliamriwa kuondoka kupisha kampuni kubwa, na waliokuwa wamezamisha maduara yao waliyaacha.

Video ya kucheza gemu inafanana sana na duara kwenye leseni ya mtu. Picha zinazoonekana, wachezaji wanaokimbia, uwanja, muziki, hadithi, vyote vimetengenezwa na kampuni na vinalindwa na sheria ya hakimiliki. Ulinzi huo haukomei Marekani au Japani. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na tangu 1994 ni mwanachama wa Mkataba wa Berne, ambao unazifanya nchi wanachama kulinda kazi za wenzao. Kijana anaponunua au kupakua gemu, anapata ruhusa ya kulicheza. Ruhusa ya kulionyesha hadharani na kuingiza fedha ni nyingine, na hiyo inatoka kwa kampuni kwa masharti yake.

Mfano wa duara una mahali unapochechemea, na ni vizuri mzazi apaone. Dhahabu ilikuwemo ardhini kabla ya mtu yeyote, lakini gemu limetengenezwa na watu, pengine mamia, kwa miaka. Kwa upande mwingine, sauti ya kijana, utani wake na ujuzi wake wa kucheza havikuwemo kwenye gemu. Hivyo ni vyake. Ndiyo maana ugomvi huu haujawahi kuwa rahisi kuuamua. Kampuni inasema "bila gemu langu usingekuwa na video," na shabiki anasema "bila video yangu watu wasingelijua gemu lako." Wote wawili wana hoja, ila sheria imemkabidhi mmoja funguo.

Kampuni zilivyobana, zikalegeza

Kampuni iliyokumbukwa zaidi katika ugomvi huu ni Nintendo ya Japani, yenye gemu la Mario. Mwaka 2013 ilianza kutumia mfumo wa YouTube unaotambua picha na sauti za mwenye haki, na mashabiki waliokuwa wakiishi kwa video za magemu yake wakakuta fedha za matangazo zimeelekezwa kwa kampuni. Video hazikufutwa. Ziliendelea kutazamwa, ila aliyezitengeneza hakupata kitu.

Malalamiko yalipozidi, Januari 2015 Nintendo ilileta utaratibu wa kugawana. Shabiki aliyejiandikisha alipewa asilimia 60 kwa video mojamoja, au 70 akiisajili chaneli nzima, ya kile kilichobaki baada ya YouTube kuchukua chake. Magemu yaliyoruhusiwa yalikuwa kwenye orodha maalumu na si yote yaliyokuwemo. Mchimbaji yeyote wa Rwamgasa angeutambua mgawo wa namna hiyo bila kuelezwa mara mbili. Utaratibu huo ulikufa mwishoni mwa 2018, na badala yake Nintendo ikatoa mwongozo mfupi unaowaruhusu watu binafsi kuweka video na kupata fedha kupitia mifumo ya matangazo ya mitandao inayotambuliwa, mradi mtu aongeze ubunifu au maelezo yake mwenyewe. Kumwaga tu picha za gemu bila neno hakukubaliki.

Huko ndiko kampuni nyingi kubwa zilikoelekea. Microsoft, ambayo ndiyo mmiliki wa Minecraft, inaruhusu mapato ya matangazo kwenye video za magemu yake lakini hairuhusu mtu aziuze au awalipishe watu mlangoni ili wazione. Riot, wenye League of Legends, wana msimamo unaokaribiana na huo. Mzazi asitoke hapa na picha kwamba kampuni za gemu zinawawinda watoto. Nyingi zimeona faida ya kutangazwa bure.

Lakini ruhusa inayotolewa kwa ukarimu bado ni ruhusa, na aliyeitoa anaweza kuirudisha. Aprili 2017 kampuni ya Atlus ilipotoa gemu la Persona 5 nje ya Japani, iliwaonya mashabiki wasionyeshe hadithi yake kupita tarehe fulani ndani ya gemu, la sivyo wangeripotiwa na kupata onyo la hakimiliki. Watu walikasirika, na kabla ya mwezi kuisha kampuni iliomba radhi kwa ukali wake na kusogeza mpaka mbele. Septemba mwaka huohuo, PewDiePie, ambaye wakati huo chaneli yake ilikuwa miongoni mwa zinazofuatiliwa zaidi duniani, alitamka tusi la kibaguzi akicheza gemu moja moja kwa moja hewani. Kampuni ya Campo Santo, wenye gemu jingine kabisa la Firewatch, ilitumia hakimiliki kuiondoa video yake ya zamani ya gemu hilo. Tusi halikuwemo kwenye video ile. Kampuni haikutaka tu kazi yake ionekane pamoja naye tena. Kijana anayezoea kutukana akirekodi kwa sababu "ndivyo wanavyoongea" anapaswa kuisikia habari hiyo.

Kesi nzito zaidi ni ya Japani. Septemba 2023 mahakama ya Sendai ilimtia hatiani mwanaume aliyeweka YouTube video za gemu la hadithi liitwalo Steins;Gate pamoja na vipande vya katuni, akipata fedha za matangazo. Alipewa kifungo cha miaka 2 kilichoahirishwa kwa miaka 5, na faini ya yen milioni 1. Gemu lile ni la kusoma zaidi ya kucheza, hivyo aliyetazama video hadi mwisho alikuwa amekwisha "kulisoma" lote na hakuwa na sababu ya kulinunua. Kesi hiyo haimaanishi kwamba mtoto wa Katoro anayetangaza mechi ya simu atafikishwa mahakamani. Tofauti ni kubwa. Gemu la mpira halina mwisho wa kufichua, kila mechi ni mpya, na mtazamaji anakuja kumsikiliza mtangazaji. Gemu la hadithi ni kama tamthilia, na kuonyesha sehemu yake ya mwisho bila kusema neno ni sawa na kurekodi filamu na kuigawa.

Dai, onyo, na video saba za kijana

Turudi Katoro. Kijana ana mjomba wake anayefanya kazi ofisini Geita, ambaye amezoea kusoma barua za Kiingereza. Jumamosi anakuja, wanakaa na simu mezani, wanafungua taarifa moja baada ya nyingine.

"Hii, mjomba, wanasema nini?"

"Soma mwenyewe jina la aliyedai. Ni kampuni ya gemu hiyo?"

Si ya gemu. Video nne kati ya saba zimedaiwa na wenye muziki. Kijana aliweka wimbo wa Bongo Fleva chini ya sauti yake, na nyingine ilibeba wimbo uliokuja na gemu lenyewe. Magemu ya mpira huja na nyimbo ambazo kampuni imezilipia zisikike ndani ya gemu, na ruhusa hiyo haimfikii moja kwa moja mtu anayerekodi. Video mbili zimedaiwa na mwenye gemu la hadithi ambalo kijana alilicheza likizo, akaweka vipande vya mwisho bila maelezo. Ile iliyofutwa ilikuwa na sekunde kadhaa za mechi halisi kutoka kwenye runinga, alizozichomeka kulinganisha bao la kwenye gemu na la uwanjani.

Mwenye gemu la mpira, aliyelaumiwa siku mbili nzima, hakuwa amesema lolote.

Hapa kuna tofauti ambayo wazazi wakiijua watapunguza nusu ya hofu ndani ya nyumba. YouTube ina mambo mawili yanayofanana kwa jina. Dai la haki hutolewa na mfumo wa kutambua picha na sauti. Mara nyingi video inabaki, fedha ndiyo inayohama, na chaneli haihesabiwi kosa. Onyo la hakimiliki ni zito zaidi, kwa sababu mwenye haki ameomba rasmi video iondolewe. Maonyo matatu ndani ya siku 90 na chaneli inaweza kufutwa pamoja na kila kilichomo. Kijana wa mfano ana madai sita na onyo moja. Madai ya muziki yanaweza kuondoka akiuondoa wimbo au kubadilisha sauti ndani ya YouTube yenyewe, bila kupoteza video. Onyo huisha baada ya siku 90 akimaliza somo fupi la hakimiliki analopewa na mtandao huo.

Ipo pia njia ya kupinga. Mzazi aiangalie kwa makini, kwa sababu kupinga onyo kunahitaji jina kamili na anwani halisi, taarifa hizo hupelekwa kwa aliyedai, na anayesaini anathibitisha kisheria kwamba anachosema ni kweli. Mtoto asilijaze fomu hilo peke yake usiku kwa hasira. Kama video kweli ilikuwa na mechi ya runinga, hakuna cha kupinga.

Mchimbaji mwenye ugomvi na mwenye leseni anaweza kwenda kwa Afisa Madini akaeleza kwa mdomo. Kijana huyu anakutana na fomu kwenye simu, mara nyingi kwa Kiingereza cha wanasheria, na upande wa pili pengine hakuna mtu aliyeitazama video yake hata mara moja. Hilo ni jambo la haki kulilalamikia, na mzazi hakosei akimwambia mtoto hivyo.

Pia pana matapeli. Google ilieleza mwaka 2021 kuhusu wahalifu wanaowatumia wenye chaneli barua za uongo za kushirikiana kibiashara, ambazo ukifungua kiambatanisho chake chaneli inatekwa. Ujumbe wowote unaosema "nitumie neno la siri nikuondolee onyo" au "lipa kidogo chaneli ifunguliwe" ni wa kufutwa. Taarifa ya kweli ya hakimiliki huonekana ndani ya akaunti yenyewe.

Hesabu ambayo haisemwi

Kijana akisema "nitalipwa," mzazi achukue kalamu. Ili YouTube impe mtu mgawo wa matangazo kwenye video za kawaida, anatakiwa awe na wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Kama kila mtazamaji anakaa dakika 3, ambazo si haba kwa mtu anayetumia bando, video zake zinatakiwa zitazamwe mara 80,000. Anayetegemea video fupi peke yake anatakiwa afikishe mara milioni 10 ndani ya siku 90.

Akifika huko, mtengenezaji hupata asilimia 55 ya mapato ya matangazo kwenye video za kawaida, na ukubwa wa mapato hayo unategemea sana watazamaji wako nchi gani na watangazaji wanalipia nini. Malipo hayatoki mpaka yafike dola 100. Na video zilizodaiwa na mwenye muziki au mwenye gemu zinaweza kutazamwa mara laki moja zikamwachia kijana sifuri. Hiyo ndiyo sababu masharti ya mwenye gemu yanapaswa kusomwa kabla ya kununua maiki na kishikilia simu.

Halafu kuna umri. Akaunti ya kupokea fedha za matangazo ya Google inahitaji mtu wa miaka 18 au zaidi. Kijana wa miaka 16 lazima apitie kwa mzazi au mlezi. Mapato yakifika dola 10, Google hutuma namba ya uthibitisho kwa barua ya posta, ile ya karatasi, kwenye anwani iliyoandikwa. Familia nyingi hazina sanduku la posta, hivyo huandikwa S.L.P. ya shule, ya kanisa, ya ofisi ya mjomba. Jina la kwenye akaunti ndilo lenye fedha. Undugu mwingi umevunjika kwa viroba vya mawe vilivyogawanywa bila maandishi, na fedha za chaneli hazina kinga dhidi ya hilo. Mama, kijana na mjomba waandike karatasi moja: akaunti ni ya nani, fedha ikija inakwenda wapi, ada ya shule ni kiasi gani, bando kiasi gani, na siku kijana akifika miaka 18 nini kitafanyika. Karatasi ya daftari inatosha.

Serikali nayo ina kanuni zake. Mwaka 2018 zilipotoka Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni, leseni na ada zake zilipita shilingi milioni 2, na watu wengi waliokuwa na blogu na chaneli walinyamaza. Kanuni hizo zimebadilishwa zaidi ya mara moja tangu wakati huo. Mzazi ambaye chaneli ya mtoto imeanza kukua aulize ofisi ya TCRA Kanda ya Ziwa iliyoko Mwanza kabla ya kusikiliza ya mtaani.

Usingizi na bando la usiku

Saa 4,000 hizo zinatoka wapi? Kwa watoto wengi zinatoka usiku. Bando la usiku ni nafuu, hivyo kijana anasubiri saa sita ipite ndipo apakie video, na akisubiri anacheza. Mtu wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Anayeamka saa 11 alfajiri kuwahi shule anapaswa awe amelala saa 3 usiku. Tofauti kati ya saa 3 na saa 8 ndiyo inayoonekana darasani mchana, na ndiyo inayomfanya awe mkali kwa wadogo zake bila sababu.

Hili lina dawa rahisi: kupakia video hakuhitaji mtu awe macho. Kijana anaiandaa saa 2 usiku, simu inabaki sebuleni au chumbani kwa mama ikiwa kwenye chaja, na mtu mzima anayechelewa kulala anabonyeza. Akiamka, video iko hewani. Mama wa mfano alilikubali hili kwa shida, kwa sababu sasa yeye ndiye anayebonyeza, na kidogo kidogo amejikuta anaisikiliza mechi nzima.

Neno "uraibu" limekuwa jepesi midomoni mwa wazazi, na halifai kutumiwa kwa kila mtoto anayependa simu. Shirika la Afya Duniani limeuweka ugonjwa wa kucheza gemu kupita kiasi kwenye orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022, na vipimo vyake ni vikali: mtu ameshindwa kujizuia, gemu limechukua nafasi ya mbele kuliko mambo mengine yote, anaendelea ingawa linamharibia, na maisha yake ya shule, familia au kazi yameyumba waziwazi, kwa kawaida kwa muda usiopungua miezi 12. Kijana anayerekodi dakika 40, anahariri, anaoga na kwenda gulioni kumsaidia mama yake hana ugonjwa. Ana shughuli. Anayevunja mlango ili apate simu, aliyeacha kula na kwenda shule kwa miezi, apelekwe kituo cha afya.

Siku ya video kufutwa ina uzito wake pia. Mtu mzima anaona "katuni za simu." Mtoto anaona miezi minane, majina ya watu walioandika maoni, na kitu pekee alichokuwa akikifanya vizuri kuliko wenzake darasani. Huzuni ya siku mbili tatu ni ya kawaida na haihitaji hotuba. Inahitaji mtu akae karibu na kusema "nionyeshe ile iliyofutwa ilikuwaje." Ikipita wiki mbili hali vizuri, halali, hataki kuona marafiki, au anaongea maneno ya kukata tamaa na maisha, isisubiriwe. Simu ya huduma kwa mtoto, 116, hupigwa bure, na mzazi anaweza kupiga pia.

Wapo wazazi ambao siku hiyo husema, "Afadhali aende kwenye karasha, apate hela inayoshikika." Human Rights Watch ilipochunguza machimbo madogo ya Geita, Shinyanga na Mbeya, katika ripoti yake ya mwaka 2013 ilieleza watoto waliokuwa wakishuka kwenye mashimo na kushika zebaki kwa mikono mitupu. Zebaki huharibu ubongo na mishipa ya fahamu, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inahesabu uchimbaji kuwa kazi ya hatari isiyoruhusiwa kwa aliye chini ya miaka 18. Kati ya mtoto anayegombana na mwenye hakimiliki sebuleni na mtoto anayechoma dhahabu kwenye kikaango, daktari yeyote angemchagua wa kwanza bila kufikiri.

Jumamosi ile, kabla mjomba hajaondoka, walifanya jambo moja zaidi. Waliingia kwenye tovuti ya kampuni ya gemu la mpira wakatafuta ukurasa wa masharti ya video. Mjomba alisoma, kijana akaandika kwa Kiswahili kwenye daftari la mazoezi: nani anaruhusiwa, fedha kwa njia gani, nini hakiruhusiwi, ukurasa ulibadilishwa lini. Wakakubaliana ausome upya kila mwanzo wa muhula, maana kampuni inaweza kuyabadilisha bila kumpigia simu mtu wa Katoro. Nyimbo ziliondolewa kwenye video nne. Vipande viwili vya gemu la hadithi vilifutwa na kijana mwenyewe. Kelele za washangiliaji alizitengeneza upya kwa kuwarekodi wadogo zake na watoto wa jirani uani, zaidi ya kumi, ambao walitakiwa kupiga kelele mara tatu na wakapiga mara tisa.